Karani wa Posta Aliyempa Hakimu Nusu Saa

Wako watu wengi miongoni mwetu wenye hadithi vifuani mwao. Karani wa ghala, mwalimu wa shule, fundi wa reli, mama auzaye sokoni: kila mmoja ameona mambo na kusikia mambo, na usiku kabla ya kulala huyapanga moyoni hata yakawa kisa chenye mwanzo na mwisho. Baadhi yao hununua daftari wakaanza kuandika. Walakini ukilifungua daftari hilo baada ya mwezi mmoja, utaona kurasa tatu zimeandikwa, na katika hizo tatu mistari mingi imekatwa, na kurasa zote zilizosalia ni nyeupe. Watu hawa si wavivu, maana wamefanya kazi mchana kutwa. Wala hawakukosa maneno. Kilichowazuia ni sauti iliyomo ndani yao wenyewe, ambayo kila waandikapo sentensi moja huwaambia ya kwamba sentensi hiyo haifai, na ya kwamba kutunga hadithi ni kazi ya wasomi wakubwa, na ya kwamba watu watacheka. Sauti hiyo twaiita hakimu wa moyoni.

Sisi hatusemi kwamba hakimu huyo auawe. Mwandishi asiyejua kujihukumu ni hatari kwa wasomaji wake. Twasema tu ya kwamba hakimu hana haki ya kutoa hukumu kabla shauri halijasikilizwa, na ya kwamba yapasa apangiwe saa yake ya kuingia barazani na saa yake ya kutoka. Ili jambo hili lisiwe maneno matupu, leo twataka kuyaeleza maisha ya Anthony Trollope, Mwingereza aliyefariki mwaka 1882. Mtu huyu aliitumikia Posta miaka 33, na katika maisha yake alitunga riwaya 47, pasipo kuhesabu vitabu vya safari na hadithi fupi. Hatukumchagua kwa kuwa alikuwa mkamilifu. Hakuwa, nasi hatutayaficha makosa yake. Tumemchagua kwa kuwa alikuwa mfanyakazi wa mshahara kama walivyo wengi wa wasomaji wetu, na kwa kuwa aliueleza ulimwengu waziwazi, hesabu kwa hesabu, jinsi alivyoandika kila siku na jinsi alivyoifurahia kazi hiyo.

Anthony Trollope alizaliwa London tarehe 24 Aprili, 1815. Baba yake alikuwa wakili mwenye elimu nyingi, lakini hasira yake kali iliwafukuza wateja, na alipokosa kazi mjini akapanga shamba huko Harrow, ingawa kilimo hakukijua. Shamba likammaliza. Pale Harrow ilikuwako shule kubwa ya wana wa matajiri, na kwa desturi ya shule hiyo watoto wa mahali pale waliweza kuingia kwa malipo madogo. Basi Anthony akaingia humo akiwa mtoto wa muflisi miongoni mwa wana wa mabwana. Alikwenda kwa miguu maili kama tatu kutoka shambani, akafika na matope hadi magotini, na wenzake wakamdharau kwa nguo zake na viatu vyake. Walimu walimpiga na kumwona mjinga. Alipokuwa katika shule ya Winchester hali haikupungua ubaya: ada yake haikulipwa, wenye maduka wakaambiwa wasimkopeshe, na wanafunzi wote wakajua sababu. Kaka yake mwenyewe, aliyekuwa mkubwa wake shuleni humo, alikuwa akimchapa kwa fimbo nene kila siku akidhani kwamba ndivyo mdogo afunzwavyo.

Twayataja haya kwa makusudi. Mtu akitaka kujua hakimu wa moyoni hutoka wapi, na atazame utoto wa namna hii. Mtoto anayeambiwa kila siku kwamba ni mjinga, mchafu na hana faida, hatimaye huyabeba maneno hayo ndani yake hata baada ya waliomwambia kwenda zao. Trollope alikuwa na kila sababu ya kuwa mtu asiyethubutu kuandika mstari mmoja.

Lakini lilikuwako jambo moja ambalo hapana aliyeweza kumnyang'anya. Kwa kuwa wenzake hawakumkubali katika michezo yao, alijizoeza kujisimulia hadithi kimoyomoyo. Alipokuwa akienda na kurudi shule peke yake, aliendeleza kisa kimoja kwa majuma, kwa miezi, na mara nyingine hata kwa mwaka na zaidi. Tena alijiwekea sheria katika mchezo huo. Kisiingie katika kisa jambo lisilowezekana duniani. Yeye mwenyewe, aliyekuwa ndiye shujaa, asijifanye mfalme wala mtu mrefu mwenye sura ya kupendeza. Na kila jambo la leo lifuatane na lile la jana. Alipokuwa mtu mzima alikiri kwamba pengine hapana tabia mbaya kwa akili kuliko hiyo ya kuota mchana. Walakini alikiri pia ya kwamba pasipo mchezo ule pengine asingaliandika riwaya hata moja. Wasomaji wetu walitie jambo hili moyoni. Mwanzo wa kazi yake yote ulikuwa furaha, furaha ya mtoto mpweke aliyejipatia rafiki kwa mawazo yake mwenyewe, mahali ambapo hapakuwapo mwalimu wala fimbo.

Alipofikia umri wa miaka 15 akaanza kuandika daftari la mambo yake ya kila siku, akaliendeleza kwa miaka kumi. Baadaye sana, mwaka 1870, aliyasoma madaftari hayo, akaona haya kwa upuuzi uliojaa humo, akayaharibu. Lakini hata alipoyaharibu alikubali kwamba ndiyo yaliyomzoeza kutumia kalamu na wino kwa haraka, na ndiyo yaliyomfundisha kusema alilokusudia bila ya kugugumia. Hebu tufikiri. Kama kijana yule wa miaka 15 angaliyahukumu maandishi yake siku ileile kwa macho ya mtu wa miaka 55, angaliyachoma siku ya kwanza, na shule yake ya uandishi ingalifungwa kabla ya kufunguliwa.

Mfano mwingine aliupata kwa mama yake, Frances Trollope. Mama huyo alikwenda Marekani mwaka 1827 kujaribu biashara katika mji wa Cincinnati, na biashara hiyo ikaanguka. Hakukata tamaa. Akaandika kitabu juu ya tabia za Wamarekani, kikatoka mwaka 1832, naye amekwisha kupita miaka 50. Kitabu hicho kikauzwa sana. Tangu hapo yeye ndiye aliyeilisha nyumba yake kwa kalamu. Mwaka 1834 wenye kudai walipoikamata mali ya mume wake, jamaa wote walikimbilia Bruges katika Ubelgiji, na huko ugonjwa wa kifua ukawaingia watoto, na baba naye akadhoofu. Mama akawauguza wagonjwa mchana na usiku, na katikati ya kuuguza akaandika riwaya za kuchekesha, chupa za dawa na chupa ya wino zikikaa pamoja. Mwana mmoja akafa, kisha mume, kisha binti. Mama akaendelea kuandika, maana pasipo kuandika hapakuwa na mkate. Alikuwa mezani pake kabla ya mapambazuko, na kazi yake ya siku ilikwisha kabla wengine hawajaamka. Hadi mwisho wa maisha yake aliandika juzuu zaidi ya mia moja. Mwanawe aliyaona haya yote, akafahamu kwamba hadithi haitungwi na malaika bali hutungwa na mtu aliyeketi kitini.

Mwaka huohuo wa 1834 Anthony, kijana wa miaka 19, aliajiriwa kuwa karani mdogo katika makao makuu ya Posta mjini London, kwa mshahara wa pauni 90 kwa mwaka. Miaka saba ya mwanzo ilikuwa mibaya. Alichelewa kazini, akagombana na wakubwa, akaingia madeni. Deni dogo la mshona nguo lilizaa riba hata akalipa zaidi ya pauni 200, na mkopeshaji alikuwa akimfuata mpaka ofisini. Katika miaka hiyo yote alijua moyoni kwamba anataka kuwa mtunga riwaya, wala hakuandika riwaya yo yote. Kila siku alijilaumu kwa kutokuanza, na lawama ile ikawa sababu nyingine ya kutoanza. Hivyo ndivyo hakimu wa moyoni afanyavyo kazi: humshitaki mtu kwa kosa ambalo yeye hakimu ndiye alilolisababisha.

Mabadiliko yalikuja mwaka 1841, alipoomba kazi ya Posta nchini Ireland ambayo wengine hawakuitaka. Akatumwa Banagher, mji mdogo kando ya mto Shannon. Huko alipanda farasi akapita vijijini kuchunguza njia za wapeleka barua na kusikiliza mashitaka ya watu. Akapata heshima, akalipa madeni, na mwaka 1844 akamwoa Rose Heseltine. Mwaka 1843, akiwa matembezini huko Drumsna, aliona magofu ya nyumba moja kubwa, na papo hapo akaanza kujiuliza ni watu gani waliokaa humo na ni msiba gani uliowapata. Hiyo ikawa riwaya yake ya kwanza, The Macdermots of Ballycloran, iliyochapwa mwaka 1847.

Riwaya hiyo haikumletea hata senti moja. Ya pili, iliyotoka mwaka 1848, ilichapwa nakala 375, zikauzwa 140, na mchapishaji akamwandikia barua kumwambia kwamba amepata hasara ya pauni 63 na shilingi kumi, na kwamba heri aache kutunga riwaya. Ya tatu ikampatia pauni 20 tu. Hesabu hiyo ingetosha kumwua mtu moyo. Kwa jamaa zake yeye alikuwa mtu asiyetarajiwa kufanikiwa. Lakini yeye mwenyewe asema, katika kitabu alichokiandika juu ya maisha yake, kwamba kutofaulu kule hakukumshangaza, wala hakukumzuia. Alikuwa na kazi yake ya mshahara, nyumba yake ililishwa, na kuandika kulikuwa furaha yake. Aliyekuwa akimwandikia alikuwa hajatokea bado, naye akaamua kungoja huku akiandika.

Mwaka 1851 Posta ikamtuma kusini magharibi ya Uingereza kupanga upelekaji wa barua vijijini, na mwaka 1852, kwa shauri lake, masanduku ya barua ya barabarani yakasimamishwa kwa majaribio katika kisiwa cha Jersey. Katika safari hizo alifika Salisbury, na jioni moja, akizunguka karibu na kanisa kuu, kikamjia kisa cha mzee mpole mwenye kusimamia nyumba ya maskini wa kanisa. Hicho ndicho kitabu cha The Warden, kilichotoka mwaka 1855. Pato lake la kwanza kwa kitabu hicho halikufika pauni kumi. Lakini watu wakaanza kulitaja jina lake, na kwa mara ya kwanza akajiona kuwa amefika mahali.

Hapa ndipo twapaswa kuieleza kanuni yake ya kazi, maana ndiyo kiini cha habari hii. Kitabu kilichofuata, Barchester Towers cha mwaka 1857, alikiandika kwa sehemu kubwa ndani ya mabehewa ya reli, kwa penseli, juu ya kibao kidogo alichojitengenezea magotini, na mke wake akayanakili maandishi hayo nyumbani. Mwanzoni aliona haya kuandika mbele ya abiria wanne watano ambao wangedhani kwamba anajionyesha kuwa mwandishi. Aliona haya, akaandika vivyo hivyo, na haya ikaisha. Hakungoja kwanza haya iishe ndipo aandike.

Mwaka 1859 alihamia Waltham Cross, karibu na London. Huko alikuwa na mtunza farasi mzee, ambaye alimlipa pauni tano zaidi kwa mwaka kwa kazi moja tu: amwamshe kila alfajiri na kumletea kahawa, wala asimsikilize akisema kwamba bado ana usingizi. Saa kumi na moja na nusu Trollope alikuwa mezani. Nusu saa ya kwanza aliisoma kazi aliyoiandika jana yake, akiyapima maneno kwa sikio lake na kurekebisha yaliyokwenda mrama. Hiyo ndiyo iliyokuwa nusu saa ya hakimu. Ilipokwisha, hakimu alitoka nje. Trollope akaiweka saa yake ya mfukoni mbele yake, akajidai maneno 250 kwa kila robo saa, na akaona kwamba maneno hayo yalikuja kama ilivyokwenda saa yenyewe. Saa mbili na nusu asubuhi aliweka kalamu chini, akavaa, akala, akaenda kuifanya kazi ya Posta. Mchana wote ukabaki kwa kazi, kwa kuwinda juu ya farasi, na kwa kuzungumza na watu.

Kwa kila kitabu alitengeneza daftari lililogawanywa kwa majuma, akaandika humo kila siku idadi ya kurasa alizomaliza. Ukurasa mmoja ulikuwa maneno 250, naye aliyahesabu yote. Kwa kawaida alijipa kurasa kama 40 kwa juma. Juma lingine zilishuka hadi 20, na juma moja zilipanda hadi 112. Akivivia siku mbili, daftari lilimshitaki kwa nafasi tupu. Tazameni jinsi alivyolibadili shitaka lenyewe. Hakimu wa moyoni huuliza kama ukurasa ni mzuri, na swali hilo halina jibu siku uandikapo. Daftari huuliza kama ukurasa upo, na jibu ni ndiyo au la. Mfanyakazi awezaye kujibu ndiyo hulala usingizi mwema.

Mwaka 1858 Posta ilimtuma Misri kufanya mapatano ya kupitisha barua za Uingereza katika nchi hiyo. Baharini dhoruba ikamshika, akawa akiiacha karatasi mezani kwenda kutapika, kisha akarudi kwenye sentensi aliyoiacha. Huko Misri akaimaliza riwaya ya Doctor Thorne, na siku ya pili yake akaanza nyingine. Mwaka 1871 alipokwenda Australia kumwona mwanawe aliyekuwa akifuga kondoo, aliwekewa meza katika chumba chake cha meli, na kwa majuma manane akaandika riwaya nzima, kurasa 66 kila juma. Yeye aliifananisha kazi yake na ya mshona viatu, ambaye akimaliza jozi moja hakai kuitazama na kuisikitikia, bali huchukua ngozi nyingine. Aliwacheka wale wangojeao roho iwashukie. Alisema kwamba nta ya mshona viatu iliyopakwa kitini, ya kumgandisha mwandishi asiinuke, ina msaada mkubwa kuliko roho hiyo.

Wapo watakaosema kwamba huko ni kufanya kazi kama mashine, na kwamba mashine haina furaha. Maisha yake yakanusha neno hilo. Nje ya saa zile tatu alikaa na watu wa riwaya zake kama mtu akaavyo na jamaa zake. Aliwajua sauti zao, nguo zao na hila zao. Alitembea peke yake milimani na misituni akilia kwa huzuni zao na kucheka kwa vichekesho vyao. Ulikuwa ni mchezo uleule wa mtoto wa njia ya Harrow, na saa iliyokuwa mezani ilikuwa ukuta wa kuulinda mchezo huo. Ndani ya ukuta ule hapana aliyeruhusiwa kumwambia kwamba ni mjinga, wala yeye mwenyewe.

Siku moja ukuta ule ulibomoka. Alikuwa akiandika katika klabu moja ya London, akawasikia makasisi wawili wakilalamika kwamba Trollope anawarudia watu walewale katika kila kitabu, hasa Bibi Proudie, mke wa askofu, mwanamke mkali aliyemtawala mumewe na dayosisi nzima. Trollope akainuka, akajitambulisha, akawaambia ya kwamba atakwenda nyumbani amwue mwanamke huyo kabla ya juma kwisha. Akatimiza ahadi, na Bibi Proudie akafa katika kitabu kilichomalizika kutoka mwaka 1867. Lakini kwa miaka iliyofuata alijuta mara nyingine, maana alikuwa akifurahia sana kumwandika. Basi, ndugu wasomaji, hata mtu aliyekwisha kumfunga mdomo hakimu wa ndani aweza kuingiliwa na hakimu wa nje, kazi ikiwa bado iko mezani.

Tuliahidi kutoficha makosa yake. Trollope alikuwa mtu wa dola ya Kiingereza na wa wakati wake. Mama yake alitoa mwaka 1836 riwaya ya kuulaani utumwa wa Marekani. Yeye, katika kitabu cha safari ya visiwa vya Karibi cha mwaka 1859, aliwaandika watu weusi waliokombolewa utumwani kwa dharau tusiyoweza kuisamehe. Alipozunguka Afrika ya Kusini mwaka 1877 aliona jambo moja kwa usahihi, akaandika ya kwamba nchi ile ni ya watu weusi, ilikuwa yao na itabaki kuwa yao. Lakini hakuwaza kwamba watu hao waweza kujitawala wenyewe kwa usawa. Twajifunza kwake namna ya kushika kalamu. Hatujifunzi kwake namna ya kuwatazama wanadamu.

Tena si kila riwaya yake ni nzuri. Mtu aliyetunga 47 hakosi kuwa nazo zilizopwaya. Walakini zile nzuri na zile dhaifu zilitoka mezani palepale, kwa saa ileile, na yeye hakuweza kujua asubuhi ile ipi itakuwa ipi. Mwaka 1873 aliandika The Way We Live Now, riwaya ndefu juu ya tapeli wa fedha aliyeipumbaza London nzima. Ilipotoka mwaka 1875 wakosoaji wengi hawakuipenda. Leo wajuzi wengi huihesabu kuwa miongoni mwa kazi zake kubwa kabisa. Ikiwa wakosoaji wa magazeti, walioisoma yote, walikosea namna hii, je, hakimu wa moyoni ambaye amesoma sentensi moja tu atakosea mara ngapi?

Trollope aliacha kazi ya Posta mwaka 1867. Mwaka 1868 aligombea ubunge huko Beverley akashindwa vibaya, na rushwa ya uchaguzi wa mji huo ilikuwa nzito hata mji wenyewe ukanyang'anywa haki ya kuchagua mbunge. Uzeeni mkono wake ulipochoka, alimsomea mpwa wake wa kike maneno, naye akaandika. Mwezi Novemba 1882, jioni moja baada ya chakula, jamaa walipokuwa wakisoma kwa sauti riwaya ya kuchekesha, naye akicheka pamoja nao, alipatwa na kiharusi. Akafariki tarehe 6 Desemba, 1882, umri wake miaka 67. Riwaya aliyokuwa akiiandika ilibaki haijakamilika.

Kitabu cha maisha yake kilitoka mwaka 1883, kama alivyoagiza. Humo aliorodhesha pato la kila kitabu, jumla pauni 68,939, na humo akaieleza saa yake na daftari lake. Wasomi wengi wakachukizwa. Walipenda kuamini kwamba hadithi njema hushuka kama umande; kusikia kwamba ilitoka kwa kahawa, saa na mtunza farasi kuliwavunja. Jina lake likashuka kwa miaka mingi. Lakini wasomaji wa kawaida hawakumwacha, na katika Vita Kuu ya Pili Waingereza wengi walivirudia vitabu vyake wakapata faraja. Mwaka 1993, zaidi ya karne moja tangu kufa kwake, aliwekewa jiwe la ukumbusho katika kanisa la Westminster Abbey, pale wanapokumbukwa washairi na waandishi wakubwa wa nchi yake.

Basi tufanye nini? Hatuna watunza farasi wa kutuamsha, na wengi wetu hatuna saa tatu za alfajiri. Lakini nusu saa tunayo. Mfanyakazi atakaye kuandika na achague saa yake, iwe kabla ya kwenda kazini au watoto wakiisha kulala, na asiibadilishe. Ajiwekee kipimo kidogo, nusu ukurasa au hata mistari kumi, aandike idadi yake katika daftari kila siku. Kwanza ayasome ya jana na kuyarekebisha kwa muda mfupi, hakimu apate haki yake. Kisha hakimu atoke, mlango ufungwe, na maneno yaje yalivyo, mabaya kwa mazuri. Asimwonyeshe mtu kazi ambayo haijafika mwisho. Ikifika mwisho, na amwite hakimu arudi, akae kadiri apendavyo. Siku hiyo atakuwa na kitu cha kuhukumu. Bandu bandu huisha gogo.

Twaamini ya kwamba jambo hili si la anasa. Hadithi za wafanyakazi zisipoandikwa na wafanyakazi, zitaandikwa na watu wasiowajua, au hazitaandikwa kabisa. Kisa cha kuli wa bandarini, cha mkunga wa kijijini, cha dereva wa lori katika barabara ya vumbi, hakuna akijuaye kuliko yeye aliyekiishi. Akikaa kimya kwa kuogopa sauti iliyomo ndani yake, hasara si yake peke yake. Ni ya watoto wake, ambao siku moja watatafuta kitabu kinachosema jinsi baba zao na mama zao walivyoishi, wasikione. Daftari lenye kurasa tatu zilizokatwakatwa lingali lipo sandukuni. Na litolewe leo, lifunguliwe ukurasa wa nne.